Mama Mheshimiwa na Nyama ya Pasaka

Jumanne, 18 Machi

Shajara hii ameniletea Mumbe mwenyewe. Jalada lake gumu, lina nembo ya bunge la kaunti kwa rangi ya dhahabu, na ndani mna utepe mwekundu wa kuwekea alama. Huku kwetu milimani Shimba Hills sijui mwanamke mwingine aliye nayo, na nimeulizia.

"Mwaitu," akaniambia, maana hivyo ndivyo anavyoniita, kama Wakamba wote wanavyowaita mama zao, "uwe unaandika kidogo kidogo. Majirani nao wapumzike."

Anatania, lakini nimelisikia hilo.

Mimi nilisoma mpaka darasa la saba, na mwandiko wangu mwalimu aliusifu mbele ya wenzangu. Naitwa Kasyoki, mjane wa Mbuvi. Mume wangu alinileta huku kutoka Kitui wakati wa kugawiwa mashamba, nikiwa msichana nisiyejua bahari wala ndovu. Mumbe ndiye mtoto niliyebaki naye. Alikuwa mwendesha mashtaka wa serikali kule Kwale miaka tisa. Ni yeye aliyemfunga yule tajiri wa pembe za ndovu aliyekuja mahakamani na mawakili watatu kutoka Mombasa, yeye peke yake na faili moja kwapani. Watu wakampa jina Mama Sheria. Ndipo wakaja hapa nyumbani kumwomba asimame, akasimama, na sasa ni mwakilishi wetu katika bunge la kaunti na mwenyekiti wa kamati ya sheria. Mimi ni Mama Mheshimiwa. Sikulitafuta jina hilo, lakini wanaponiita naitika.

Mvua bado.

Jumapili, 23 Machi

Mvua imeanza katikati ya mahubiri. Bati lilipiga kelele mpaka mchungaji akaketi kungoja. Watu wakanigeukia wakitabasamu kana kwamba ni Mumbe aliyeipitisha bungeni. Sikuwakatalia.

Jumatano, 26 Machi

Nimepanda mahindi. Mgongo.

Alhamisi, 3 Aprili

Leo mwethya umeanza. Mwethya ni kikundi chetu cha kulima kwa zamu, leo kwako, wiki ijayo kwangu, mpaka mashamba yote yapaliliwe. Zamani tulikuwa Wakamba watupu, sasa wamo na Waduruma kama Mapenzi, mama yake Tembo, jirani yangu wa ng'ambo ya kijito. Mimi na yeye tumepalilia sambamba tangu watoto wetu walipokuwa wanabebwa.

Tulikuwa kwa Kavenya, mkubwa wa kikundi. Nilipofika Kavenya akasema, "Mama Mheshimiwa amekuja na jembe lake mwenyewe. Dereva yuko likizo?"

"Dereva amekwenda kumchukua mumeo kilabuni," nikamwambia. Wakacheka, hata yeye.

Mama Tembo hakucheka sana. Mwanawe Tembo amerudishwa nyumbani. Anafanya kazi ya bustani katika hoteli moja Diani, na kila masika wageni wakipungua wafanyakazi wa kutwa huambiwa waje Julai. Nikamwambia mama Tembo ashukuru, angalau mtoto wake ana mikono. Sasa nikilisoma hilo neno naona si zuri sana, lakini nililisema kwa upendo.

Ijumaa, 11 Aprili

Mumbe amelala hapa jana. Asubuhi nilipofungua mlango nikakuta watu wamekwisha kujaa barazani, na matope yao. Mmoja ana maiti hospitali ya Msambweni, mmoja mtoto wake amefukuzwa shule, mmoja hana haja yoyote, amekuja kumwona tu. Mumbe akatoka bila chai, akawasikiliza mmoja mmoja. Simu mbili, zote zinalia.

Wakati ule wa mahakama alikuwa akirudi nyumbani amekasirika. Siku hizi anarudi amechoka. Nilikuwa nikidhani kuchoka ndiko kupanda cheo.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua. Nguruwe mwitu wamefukua mahindi ya mama Tembo upande wa msitu. Kwangu hawajafika.

Jumamosi, 19 Aprili

Kesho Pasaka. Mama Tembo ameniletea nyama ya mchuzi, bakuli limejaa mpaka mafuta yanatambaa ukingoni. Bakuli lenyewe ni moja la yale tuliyogawa wakati wa kampeni, yenye picha ya Mumbe chini. Ukimaliza mchuzi unamkuta anakuchekea. Wazo langu hilo.

Nyama laini, ina harufu ya majani, si mbuzi. Mimi nimezaliwa kwenye mbuzi. Sikuuliza, mtu haulizi chakula cha sikukuu kimetoka wapi. Nikamimina kwenye sufuria yangu, nikaosha bakuli, nikatia mchele mpaka juu, nikamrudishia.

"Aa, mwenzangu, wa nini tena?" akasema.

"Niende na bakuli la watu tupu, nimelelewa wapi?"

Nimekula nusu. Nusu ya Jumatatu. Tamu.

Jumatatu, 21 Aprili

Nimefunga mlango kwanza, ndipo naandika.

Asubuhi nilikuwa nimeketi jikoni, sufuria iko motoni inapata joto. Nikasikia gari kwa mama Tembo. Nikatoka mpaka kwenye mihogo. Askari wa wanyama, watano hivi, na kijana wetu Tembo ameketi chini kwenye matope, mikono nyuma. Wametoa gunia. Katika gunia mna ngozi, na pembe mbili ndefu zilizopinda kurudi nyuma. Kila mtu wa huku anazijua pembe hizo. Ni palahala.

Palahala si swala wa kawaida. Wako msituni kwetu hapa, na wanasema Kenya nzima hawako pengine. Mumbe alipokuwa mahakamani aliwahi kunieleza, kumuua mmoja ni kama kuiba kitu cha nchi.

Kavenya akafika ananong'ona. Tembo alitega waya kuzuia nguruwe, asubuhi akakuta palahala amekwisha kufa ndani yake. Angekwenda kupiga ripoti. Hakwenda. Ilikuwa mkesha wa Pasaka, mtoto amerudi kutoka Diani mikono mitupu, nyama imelala shambani kwake. Akachuna. Mama yake akapika na kugawa, kama watu wanavyogawa.

"Wewe ulipata?" nikamwuliza Kavenya.

"Sikupata kitu," akasema, akatazama pembeni.

Nikarudi jikoni. Sufuria inatokota. Nikafikiri, wakija hapa, kwa mama yake Mama Sheria, wakute nyama ya palahala inachemka. Kuitupa, mbwa wataileta mlangoni. Kuizika, mvua itaifukua. Basi nikapakua katika bakuli langu, nikaketi, nikaila. Yote. Moto moto, machozi yananitoka, sijui ni pilipili au ni nini. Nilipofika chini Mumbe akanichekea.

Hawakuja.

Jumanne, 22 Aprili

Mama Tembo amekuja kabla sijawasha moto. Hakuketi. Kanga imelowa mpaka magotini.

"Mwenzangu, mtoto ni mmoja," akasema. "Wamempeleka Kwale. Sijui pa kuanzia."

Nikamshika mabega. "Unaanzia hapa," nikamwambia. "Aliyeketi kwenye kiti cha Mumbe mahakamani ni kijana anaitwa Japheth. Mumbe ndiye aliyemfundisha kazi, akimwambia ruka anaruka. Nenda nyumbani ulale. Hilo limekwisha."

"Limekwisha?"

"Mimi nakwambia."

Akanishika mikono yote miwili akaibusu. Mama Tembo, ambaye hajawahi kunisifia hata kuku. Nikajiona mtu mkubwa sana. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Ijumaa, 25 Aprili

Nilimpikia Mumbe muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, kwa maharagwe, kama alivyopenda utotoni. Akaonja kijiko kimoja, akanitazama.

"Muthokoi na si sikukuu. Unataka nini, Mwaitu?"

"Tembo."

"Nimesikia."

"Mpigie Japheth. Neno moja tu."

Akaweka kijiko chini taratibu. Nje watu wake wanamngoja chini ya upenu, mvua inawapiga miguu.

"Unamkumbuka Mangi?" akaniuliza.

"Mangi gani?"

"Nilimfunga mwaka wangu wa tatu pale Kwale. Kesi kama hii hii. Mtego, nyama, mkewe mjamzito. Mama yake alinishika miguu nje ya mahakama mbele ya watu, nikamwambia sheria haina jirani. Nikipiga simu leo, Mangi atajua kuwa alifungwa kwa sababu mama yake hakulima na mama yangu."

"Mangi mimi simjui."

"Ndiyo, Mwaitu. Humjui."

Nikaona njia ni nyembamba, nikasema, "Lakini mimi nilishamwambia mama Tembo limekwisha."

"Kabla ya kuniuliza?"

"Wewe ni mwanangu. Nikuulize nini?"

Akafunika uso kwa viganja. Nilidhani analia, kumbe anasugua macho. "Kila mtu ananiahidi kwa wengine," akasema. "Diwani wa zamani ananiahidi, chifu ananiahidi, sasa na wewe. Mnanigawa kama mchele wa msaada."

Aliondoka muthokoi haujaisha. Habari ya ile nyama niliyokula sikumwambia. Nitamwambiaje, na yeye ameshasema yote hayo?

Alhamisi, 1 Mei

Mwethya kwa Kavenya tena, upande wa bondeni. Mama Tembo alikuja. Akashika mstari karibu nami kama siku zote.

"Mheshimiwa amesemaje?" akaniuliza polepole.

"Analishughulikia," nikasema.

Akashukuru.

Alhamisi, 8 Mei

Kwangu. Wamepalilia vizuri. Nilichinja kuku wawili, na soda. Kavenya akasema soda za serikali zina gesi nyingi. Mimi huwa na jibu la haraka, leo nikaenda kuchochea moto.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua usiku na mchana. Daraja la kijito limechukuliwa. Nimeshukuru kidogo, maana mama Tembo hawezi kuvuka kuja kuniuliza.

Jumatano, 14 Mei

Alivuka. Maji kiunoni.

Alikuja na wakili, binti mdogo anaitwa Caroline, wa kusaidia wasio na uwezo, viatu mkononi. Nikawapa chai. Caroline akatueleza kwa Kiswahili kilichonyooka. Makosa ni mawili. Moja ni kuwa na nyama ya palahala, hilo Tembo analikubali. La pili ni kuiuza, na la pili ndilo zito, linaweza kumweka ndani miaka mingi.

"Lakini hakuuza," nikasema.

"Walikuta nini jikoni kwa mama Tembo siku ile?" akaniuliza Caroline. "Bakuli. Moja lina mchele, moja sukari, moja kunde, moja mayai, moja unga. Nyama karibu yote haipo, na mahali pake pana vyakula vya nyumba nyingi. Upande wa mashtaka unasema ni biashara ya kubadilishana."

Mama Tembo akasema, "Niliwaambia ni mabakuli ya watu yamerudi."

"Umewaambia, mama. Lakini wewe ni mama wa mshtakiwa. Nahitaji mtu aliyepewa nyama aje aseme alipewa bure, na kwa nini bakuli halikurudi tupu. Nimepita nyumba kumi huko ng'ambo. Hakuna aliyekula."

Akanitazama. "Mama, wewe ni mtu wa heshima hapa. Unaweza kunisaidia kuwashawishi?"

Nikasema nitajaribu.

Mama Tembo alikuwa anatazama chai yake. Alijua nilikula. Alijua mchele ni wangu, alimimina kwa mkono wake. Hakusema. Wakati wa kuondoka akasema tu, "Chai yako nzuri, mwenzangu."

Alhamisi, 15 Mei

Zamu ya mwethya ilikuwa ya mama Tembo. Watu walikuja nusu. Mimi mgongo uliniuma, nikabaki. Uliuma kweli, lakini si hivyo.

Jumanne, 20 Mei

Mama Tembo huenda Kwale kumwona Tembo rumande. Anapita nyuma ya choo changu kukwepa matope ya barabarani. Jana alikuwa na mfuko wa mihogo ya kuchemsha. Ananisalimu kila siku. Angenitukana ningejua cha kufanya. Ningemjibu, tungepigana, tungepatana. Hanitukani.

Jumatano, 28 Mei

Redio ya kaunti imemtangaza Mumbe. Ametoa hoja ya kutengeneza ua wa msitu ili ndovu na nguruwe wasitoke na watu wasiingie. Amesema, kwa sauti ile aliyoirithi kwangu, kwamba palahala ni mali ya vitukuu wetu na mahindi ni mali ya leo, na bunge lisichague kimoja. Wakampigia meza. Nikaiongeza sauti ili Kavenya aliyekuwa anapita asikie. Kavenya akasimama njiani, akasikiliza mpaka mwisho.

"Anasema vizuri," akasema. "Tembo naye anaisikia huko aliko?"

Nikazima redio.

Jumapili, 1 Juni

Siku ya Madaraka. Mumbe alihutubia uwanjani, kisha akaja kula. Hakula. Alilala kochini na viatu vyake, mdomo wazi, na mimi nikaketi kumtazama. Ana mvi mbele. Kalama, yule aliyeshindwa uchaguzi, anapita kwenye kila mazishi akisema Mama Sheria amekuwa mama wa ahadi.

Alipoamka nikamwambia. Sikumzungusha.

"Ile nyama nilikula. Mama Tembo aliniletea kama zawadi, nikamrudishia bakuli na mchele. Ule mchele walioupeleka mahakamani ni wangu. Na Jumatatu, nilipokwisha kujua ni palahala, nilimalizia yote ili isikutwe hapa."

Alijiinua kochini. Kisha akacheka, mara moja tu, kama mtu anayekohoa.

"Umekula ushahidi," akasema.

"Nilikuwa nakulinda."

"Nani mwingine anajua?"

"Mama Tembo."

"Na hajasema?"

"Hajasema."

Hapo akaacha kucheka kabisa. Akasimama, akaenda mlangoni, akatazama upande wa kijito.

"Mimi siwezi kukuambia uende wala usiende," akasema akiwa amenipa mgongo. "Ukienda, watakuuliza yote. Wanaweza kukushtaki na wewe. Na Kalama atapata wimbo mpaka uchaguzi. Nakwambia ili ujue."

"Na nisipokwenda?"

"Japheth atashinda. Ni mzuri, nilimfundisha mimi."

Jumatatu, 2 Juni

Nimempigia wakili Caroline. Simu yangu haikuwa na salio, nikatumia ya Kavenya. Nilisema kwa sauti makusudi, nimesimama uani kwake, kwamba mimi ndiye wa mchele. Kavenya alikuwa anapepeta mahindi. Hakuinua kichwa, lakini ungo ulisimama.

Alhamisi, 12 Juni

Nimevaa gauni la siku ya kuapishwa Mumbe, kisha nikalivua nikavaa la kawaida.

Chumba cha mahakama ni kidogo kuliko nilivyokuwa nikisimulia watu. Miaka tisa nimesema ni kama kanisa kuu. Ni darasa tu lenye feni mbovu. Kwenye meza walikuwa wamepanga yale mabakuli, kila moja na karatasi ubavuni, na mawili kati yake yana uso wa Mumbe ndani. Mumbe mwenyewe alikuwa nyuma kabisa, amefunga kilemba kama mtu wa kawaida. Watu walimwona, wakawa wanageuka geuka.

Tembo amekonda. Alinisalimu, "Shikamoo mama," kizimbani, askari akamwambia anyamaze. Nikamwitikia kwa kichwa.

Caroline aliniuliza kidogo, nikajibu. Kisha Japheth akasimama. Kijana nadhifu, ana namna ya kushika kalamu ambayo ni ya Mumbe kabisa.

"Mama, ulikula nyama hiyo?"

"Nilikula."

"Ulijua ni palahala?"

"Jumamosi sikujua. Nilijua si mbuzi."

"Ulijuaje si mbuzi?"

"Mimi ni Mkamba, bwana."

Watu wakacheka, hakimu akagonga meza.

"Na Jumatatu, ulipojua?"

"Niliimaliza."

"Kwa nini?"

"Kwa woga."

"Ulimwogopa nani? Askari?"

"Binti yangu."

Japheth akatupa jicho nyuma alikoketi Mumbe, akageuza ukurasa.

"Kisha ulimpa mama wa mshtakiwa mchele. Kiasi gani?"

"Bakuli zima."

"Mchele bakuli zima kwa nyama bakuli zima. Kwa hivyo ulilipa."

"Wewe, Japheth, mamako hurudisha bakuli la watu likiwa tupu?"

Hakimu, mama wa makamo mwenye miwani shingoni, akaniambia, "Shahidi ajibu, asiulize."

"Sikulipa, mheshimiwa. Ningemlipa angenitupia. Mwaka jana aliniletea maembe, nikarudisha bakuli na mayai. Nikampelekea kunde, likarudi na chumvi. Hatujawahi kutajiana bei tangu tujuane. Hayo mabakuli hapo mezani ndiyo hayo. Kila moja lina nyumba iliyokula na ikaona haya kulirudisha tupu. Nyumba zenyewe zinaogopa, kama nilivyoogopa mimi."

Kutoka nyuma Kavenya akasimama bila kuitwa. "Sukari ni yangu," akasema. Akaambiwa aketi au atolewe. Akaketi. Lakini hakimu alikuwa amekwisha kulitazama bakuli la sukari, na akaandika kitu.

Hukumu wiki ijayo. Wakati wa kutoka mama Tembo akanishika upande mmoja. Mkono wake ulikuwa baridi. Tulipofika mlangoni akaniachia.

Jumamosi, 14 Juni

Video imeenea kwenye wasapu. Mtu ameandika, Mama Sheria ametunga sheria, mama yake ameila. Watoto sokoni waliniimbia. Nikanunua nyanya zangu.

Kanisani kesho sitakwenda.

Jumapili, 15 Juni

Nilikwenda. Niliketi mahali pangu pa mbele. Mchungaji hakunitambulisha.

Alhamisi, 19 Juni

Kosa la kuuza limeondolewa. La kuwa na nyama, mwaka mmoja, na siku alizokaa rumande zihesabiwe. Mama Tembo alirudia "mwaka" mara mbili, akauliza Caroline kama ni mwaka wa kawaida. Tembo alipungia mkono akiwa anatoka, kidogo, kama anayekwenda Diani kazini.

Kisha askari wa wanyama wakaniita mimi. Niende wiki ijayo kuandikisha taarifa. Mumbe akasema nitakwenda na wakili, na wakili si yeye.

Jumapili, 22 Juni

Mvua imekatika tangu juzi. Ardhi inatoa mvuke.

Mumbe amekuja peke yake bila dereva, amevaa ndara. Kamati ya sheria wamempa mwingine, wameamua Ijumaa. Chama kinasema apumzike kidogo. Alinieleza haya akimenya chungwa, kama habari ya mtu wa Tiwi tusiyemjua.

"Nimekuharibia," nikasema.

"Japheth alikuachia, ujue," akasema, kana kwamba hakunisikia. "Pale ulipomtaja binti yako. Alinionea haya akahamia swali lingine. Mimi nisingekuachia."

"Ungeniuliza nini?"

Akaweka chungwa kando, akaketi wima. Sauti iliyotoka, ile ya mahakamani, sikuwa nimewahi kuelekezewa. Nilikuwa nimeisimulia tu. Haikuwa kali. Ilikuwa safi, kama maji ya mtungi.

"Ningekuuliza swali moja. Kijana amekamatwa Jumatatu ya Pasaka. Amelala rumande mvua yote. Mama yake anapita nyuma ya choo chako kila siku na mihogo. Na wewe tangu siku ya wakili unajua habari ya bakuli, unajua neno lako linaweza kumwondolea lile kosa zito. Shahidi aiambie mahakama, ulikuwa unangoja nini?"

Nilitafuta jibu la kujipamba. Mimi huwa nalo.

"Nilikuwa nakungoja wewe upige simu," nikasema.

"Nilikwambia sipigi."

"Uliniambia. Sikuamini. Kila ulipotoka nje kuzungumza na simu nilisema, huyu anampigia Japheth, ananificha tu. Nilimwambia hata Mungu, Mumbe atapiga."

Akanigeukia. Nikaona uso wa yule mtoto aliyekuwa akirudi shule amekasirika kwa sababu mwalimu amempiga mwingine bila kosa.

"Sina swali lingine," akasema.

Akajilaza kwenye mkeka, kichwa kikanifikia pajani. Simu yake ikaanza kulia mfukoni, ikakatika, ikalia tena. Hakuigusa, na mimi sikumkumbusha.